Kuseti injini ya dizeli ya silinda moja kwa majaribio yaliyopangwa kitakwimu

Fundi akitaka injini itumie mafuta kidogo, mara nyingi hugusa kitu kimoja kwanza. Anasogeza taimingi (wakati dizeli inapoanza kuingia kwenye silinda), anawasha, anasikiliza. Akiona nafuu anaiacha hapo, halafu anahamia kwenye presha ya nozeli. Njia hii ina kasoro mbili. Kwanza, nafuu ya gramu chache humezwa na mabadiliko ya kawaida ya hewa, joto la injini na mkono wa anayepima. Pili, na hii ndiyo inayogharimu zaidi, kuna mambo yanayosaidiana: moja likibadilishwa peke yake halionyeshi chochote, yakibadilishwa mawili pamoja tofauti inaonekana wazi.

Dawa yake ilitoka shambani. Miaka ya 1920, mtakwimu R. A. Fisher akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikuwa akihangaika na mbolea na mbegu kwenye udongo usiolingana. Akabadilisha mambo kadhaa kwa pamoja kwa mpangilio maalumu, akagawa shamba katika vitalu, na ndani ya kila kitalu akaamua kwa bahati nasibu kipande kipi kipate nini. Kwenye injini, udongo usiolingana ni siku: asubuhi ya baridi si mchana wa jua, na Jumatatu si Alhamisi.

Mfano tutakaoufuata ni injini ya dizeli ya silinda moja inayopozwa kwa maji ya tangi, ya aina inayozungusha mashine za kusaga, ikiwa imefungwa kwenye dainamo. Lengo ni gramu chache za dizeli kwa kila uniti moja ya umeme (kWh). Kitabu cha injini yetu ya mfano kinataka dizeli ianze kuingia digrii 18 kabla ya pistoni kufika juu, nozeli ifunguke kwa bar 130, na tapeti (nafasi inayoachwa kwenye valvu) ziwe 0.35 mm injini ikiwa baridi. Yako itakuwa na namba zake, tumia hizo.

Vigezo na ngazi zake

Chagua vigezo vitatu, kila kimoja kiwe na ngazi mbili, moja chini ya namba ya kitabu na nyingine juu yake:

A, taimingi: digrii 16 na 20.
B, presha ya nozeli: bar 120 na 140.
C, tapeti: 0.25 na 0.45 mm.

Upana wa ngazi ndio uamuzi mgumu kuliko yote. Ukizikaribisha mno, kwa mfano digrii 17.5 na 18.5, tofauti itazama ndani ya makosa ya kupima. Ukizitanua mno unaumiza injini: taimingi ya mapema sana huleta kugonga na presha kubwa ndani ya silinda, na gasketi ya silinda hedi huwa ya kwanza kulalamika, tapeti iliyobanwa mno huiacha valvu wazi chuma kikipata joto, na valvu ya ekzosi huungua. Kabla ya kuanza, washa injini kwenye kila kona (mseto wa ngazi za chini na za juu) unayoihofia kwa dakika tano chini ya mzigo. Ikigonga vibaya, punguza upana sasa hivi, si siku ya tatu.

Vigezo vitatu vyenye ngazi mbili vinatoa miseto 8. Kila mseto ufanyike mara mbili, jumla 16. Ongeza majaribio ya katikati, yaani vigezo vyote vikiwa kwenye namba za kitabu: moja asubuhi na moja jioni ya kila siku ya kazi. Haya yana kazi mbili. Yanaonyesha kama injini au vipimo vinahama kadiri siku inavyokwenda, na yanaonyesha kama uhusiano umepinda badala ya kunyooka.

Mahitaji

Mizani ya kidijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu 1. Usipime kwa lita: ujazo wa dizeli hubadilika na joto, uzito haubadiliki.

Mita ndogo ya umeme, ile ya kugawia wapangaji, inayoonyesha hadi 0.01 kWh.

Hita tatu za kuchemshia maji, kila moja wati 1,000, zikiwa ndani ya pipa la lita 200. Huo ndio mzigo. Kila jaribio litapandisha joto la maji hayo kwa nyuzi 7 hivi, kwa hiyo pipa linatosha kazi ya siku. Pipa na fremu ya dainamo vifungwe waya wa ardhi, na mtu asiguse maji hita zikiwa na umeme.

Kipima joto cha waya cha aina ya K, ncha yake ikiwa ndani ya bomba la ekzosi karibu na silinda hedi. Mashine ya mkono ya kupimia nozeli yenye geji. Fila geji, shimu (vibati vyembamba) za pampu za unene mbalimbali, na washa za shaba za nozeli za kutosha kubadilisha kila inapofunguliwa.

Dizeli lita 30, inunuliwe siku moja na kuchanganywa kwenye chombo kimoja. Ukiishiwa katikati ukanunua kituo kingine, utakuwa umeongeza kigezo cha nne bila kukiandika.

Mpango wa siku nne

Kubadilisha seti, kupasha injini na kupima huchukua karibu saa moja na nusu. Majaribio sita ndiyo kutwa nzima, kwa hiyo miseto minane haiingii siku moja. Igawe hivi, ukiandika − kwa ngazi ya chini na + kwa ya juu, kwa mfuatano A, B, C:

Siku ya 1 na ya 3: −−−, ++−, +−+, −++
Siku ya 2 na ya 4: +−−, −+−, −−+, +++

Mgao huu haukuchukuliwa hivihivi. Zidisha alama tatu za kila mseto: kundi la kwanza lote linatoa −, la pili lote +. Hivyo tofauti kati ya siku, iwe mvua au joto, inaangukia kwenye mwingiliano (yaani kule kusaidiana) wa vigezo vyote vitatu kwa pamoja, ambao kwa kawaida ni mdogo na tumekubali kuupoteza. A, B, C na mwingiliano wa viwili viwili vinabaki safi. Ukigawa kwa kufuata urahisi, kwa mfano presha ya 120 yote siku moja na ya 140 siku nyingine, hutajua umepima presha au umepima Jumanne.

Ndani ya siku, utaratibu wa ile minne uamuliwe kwa bahati nasibu. Andika miseto kwenye vikaratasi, tia kikombeni, tikisa, toa kimoja kimoja. Kishawishi cha kupanga ili nozeli isifunguliwe mara nyingi ni kikubwa. Kikatae. Injini hulegea kadiri siku inavyokwenda, oili hupata joto, na utaratibu mzuri wa fundi huhesabu mabadiliko hayo kama athari ya presha.

Kishawishi kingine ni kuandaa nozeli mbili, moja ya bar 120 na moja ya 140, kisha kuzibadilisha haraka. Kazi inakuwa rahisi, jibu linaharibika: nozeli mbili hazifanani hata zikitoka boksi moja, kwa hiyo utakuwa unalinganisha nozeli, si presha. Tumia moja tu na uiseti upya kila mara.

Kubadilisha seti

Taimingi. Chora mstari kwenye flaiwili pale pistoni ilipo juu kabisa, na alama isiyosogea kwenye bodi. Pima kipenyo cha flaiwili, zidisha kwa 3.1416, gawanya kwa 360. Flaiwili ya mm 400 inatoa mm 3.49 kwa kila digrii, kwa hiyo digrii 16, 18 na 20 ni mm 55.9, 62.8 na 69.8 kutoka kwenye mstari wa juu. Weka alama zote tatu kwa rangi tofauti. Fungua bomba la presha upande wa nozeli, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu kuelekea inakozungukia, na utazame dizeli kwenye mdomo wa bomba. Inapotikisika tu, simama: hapo ndipo pampu imeanza kusukuma. Rudia mara tatu. Zikitofautiana zaidi ya mm 2, bado kuna hewa kwenye mfumo. Kuongeza shimu chini ya pampu huchelewesha, kupunguza huwahisha. Usikisie shimu moja ni digrii ngapi. Funga, pima upya, andika digrii ulizozipata hasa, hata kama ni 19.6.

Nozeli. Iseti kwenye mashine ya mkono na uitazame ikipuliza mara tano kabla ya kuifunga. Inapotoka kwenye injini, ipime tena kabla ya kugusa chochote, kwa sababu springi mpya hulegea saa za mwanzo. Kama uliifunga na bar 140 ikatoka na 134, jaribio hilo lirudiwe. Mkono usikaribie mpulizo: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Tapeti hazina maneno mengi. Injini iwe imepoa, pistoni juu, valvu zote mbili zimefungwa. Kupoa ndiko kunakochelewesha, kwa hiyo tapeti ziwe za mwisho kusetiwa. Vuguvugu la kiasi linakubalika mradi liwe lilelile kila mara, kwa mfano dakika 30 baada ya kuzima.

Jaribio moja, mwanzo hadi mwisho

Washa, tia hita zote, weka mizunguko 1,500 kwa dakika, ambayo kwa dainamo ya poli nne ni Hz 50. Funga mkono wa gavana (kidhibiti mwendo) usisogee. Pasha kwa dakika 20 angalau, hadi maji ya tangi yachemke na joto la ekzosi litulie ndani ya nyuzi 5 kwa dakika tano mfululizo. Tangi linalochemka lina faida ambayo rejeta haina: maji hayapiti joto la kuchemka, kwa hiyo silinda inajidhibiti yenyewe. Ila usiongeze maji baridi wakati wa kupima. Jaza kabla, au subiri umalize.

Dumu dogo la dizeli liko juu ya mizani. Mpira wa kunyonya uning'inie kutoka juu na kuingia bila kugusa mdomo wa dumu. Mpira mgumu unaoegemea ukingo huongeza au kupunguza gramu kumi bila mtu kujua, na hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi kuliko lolote lingine. Mpira wa dizeli inayorudi kutoka nozeli nao uingie dumu hilohilo kwa namna ileile.

Kaa mbele ya mita. Namba ya mwisho inapogeuka, soma mizani papo hapo. Subiri hadi iongezeke 0.75 kWh kamili, na inapogeuka soma tena. Kwa mzigo wa kW 3 ni robo saa, na dizeli itakayotumika ni gramu 250 hivi, kwa hiyo gramu moja ya mizani ni kosa dogo kuliko nusu asilimia. Ungepima dakika tano, kosa hilo lingekuwa mara tatu zaidi. Gawanya gramu kwa 0.75. Andika pia joto la ekzosi, joto la hewa, Hz, na rangi ya moshi kwenye kitambaa cheupe ulichokishika mbele ya bomba kwa sekunde 10. Injini na pipa viwe nje au chini ya paa lisilo na kuta, maana moshi ndani ya chumba unaua.

Hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu. Ni wastani wa marudio mawili, kwa gramu kwa kWh:

−−−  352
+−−  346
−+−  350
++−  328
−−+  353
+−+  347
−++  349
+++  329

Athari ya kigezo ni wastani wa minne yenye + toa wastani wa minne yenye −. Kwa A: 337.5 toa 351, sawa na −13.5. Kwa B: 339 toa 349.5, sawa na −10.5. Kwa C: 344.5 toa 344, sawa na 0.5. Kwa mwingiliano wa A na B, zidisha alama zao kwanza, kisha fanya vilevile: 340.5 toa 348, sawa na −7.5. Mwingiliano uliobaki hautoki nje ya nusu gramu.

Sasa ujue ipi ni athari na ipi ni kelele, yaani mabadiliko ya bahati tu. Chukua tofauti kati ya rudio la kwanza na la pili kwa kila mseto. Tuseme, kwa mpangilio wa orodha ya juu: 4, −3, 5, −2, 3, −4, 1, −4. Kutoka kila moja ondoa wastani wa kundi lake la siku (−0.25 kwa kundi la kwanza, 0.25 kwa la pili), piga kipeo cha pili, jumlisha: 95.5. Zilikuwa tofauti 8, tumeondoa wastani 2, zimebaki digrii 6 za uhuru (idadi ya tofauti zilizobaki huru, si digrii za taimingi). Gawanya 95.5 kwa mara mbili ya 6, yaani 12: 7.96. Kipeuo chake ni 2.82, na huo ndio mtawanyiko wa jaribio moja. Kwa majaribio 16, kosa la athari ni nusu yake, 1.41. Zidisha kwa 2.45, namba ya jedwali la takwimu liitwalo t kwa digrii 6 na uhakika wa asilimia 95: 3.45.

Athari iliyo chini ya gramu 3.45, iwe + au −, ichukuliwe kama haipo. A, B na mwingiliano wao zinapita bila ubishi. Tapeti hazina neno: zirudishe kwenye namba ya kitabu na uzisahau.

Usitafsiri A peke yake wakati mwingiliano upo. Presha ikiwa 120, kuwahisha taimingi kunaokoa gramu 6 tu (352.5 hadi 346.5). Presha ikiwa 140, kunaokoa 21 (349.5 hadi 328.5). Mfikirie yule fundi wa kitu kimoja kimoja akianzia kona ya chini: anapandisha presha, anapata gramu 3, anasema presha haina faida, anairudisha. Anawahisha taimingi, anapata 6, anaridhika. Gramu 18 zilizobaki zilikuwa hatua moja mbele yake.

Majaribio ya katikati yana lao pia. Wastani wa kona zote ni 344.25. Kama wastani wa yale manane ya katikati ni 337, uhusiano umepinda: kitovu kimeshuka gramu 7 chini ya mahali mstari ulionyooka ungekiweka, zaidi ya kelele inavyoweza kueleza. Hapo huwezi kuamini kwamba kona ndiyo mwisho wa mambo. Kama majaribio ya katikati ya jioni yanapanda kila siku kuliko ya asubuhi, tatizo ni lingine: filta ya dizeli inaziba, au mpira umeanza kuegemea dumu.

Kufuata mpindo

Njia ya kukamilisha picha hii ilitolewa na watafiti Box na Wilson mwaka 1951. Kwa kuwa C imetoka, umebaki na A na B. Ongeza siku ya tano yenye sehemu nne za pembeni: digrii 16 na bar 130, digrii 20 na bar 130, digrii 18 na bar 120, digrii 18 na bar 140, pamoja na mawili ya katikati kama kawaida. Ziingize na data zote kwenye LibreOffice Calc au Excel. Andika A kama (digrii − 18)/2 na B kama (bar − 130)/10, ukitumia namba ulizozipima hasa. Tengeneza safu za A, B, AB, A² na B², weka safu moja zaidi ya siku kama siku ya tano ilikuwa tofauti, kisha tumia fomula ya LINEST, inayokokotoa mchango wa kila safu. Angalizo: LINEST hutoa majibu kwa kurudi nyuma, safu ya mwisho ikiwa ya kwanza. Wengi huisoma kinyume, wakaseti injini kwa namba ya kigezo kingine.

Usichague gramu pekee. Panga miseto yote pamoja na joto la ekzosi, moshi na kugonga. Sehemu yenye ulaji mdogo kabisa lakini inayogonga kwenye mzigo kamili iachwe, hata kama inashinda kwa gramu 5. Usivuke pia mipaka uliyoipima: hesabu inaweza kukuambia digrii 24 ni bora zaidi, na hesabu hiyo haijawahi kuisikia injini ikiwa kwenye digrii 24.

Ukishapata seti, ithibitishe. Fanya majaribio sita kwa kupishana: kitabu, mpya, kitabu, mpya, kitabu, mpya. Tofauti ya wastani ikikaribia ile hesabu iliyotabiri, funga kazi. Ikiwa nusu yake au chini, rudi kwenye daftari uangalie presha ya nozeli ilipokuwa inatoka. Mwisho andika digrii, bar na idadi ya shimu kwa rangi kwenye bodi ya pampu. Siku plunja au nozeli ikibadilishwa, namba hizo hazina kazi tena na majaribio ya A na B yaanze upya. Tapeti unaweza kuziruka.